Mbao na chuma chenye kutu: namna ya kuunda pambo la ukutani bila kuchafua ubao wala ukuta

Kutu ina rangi ambayo hakuna rangi ya kopo itaifikia, hilo nalisema kwa moyo wote. Angalia bamba la chuma lililokaa nje misimu miwili mitatu, utaona chungwa, kahawia, wekundu kama wa udongo, sehemu zingine karibu nyeusi, zote zimeingiana bila mpaka, afu liweke juu ya ubao wenye mistari yake ya asili uone vinavyopendezeshana. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaunganisha haraka, kutu bado mbichi, ubao haujapakwa kitu chochote, na baada ya mwezi ubao umejaa madoa meusi na ukuta umepata mchirizi wa chungwa. Kazi yangu ya kwanza iliharibika hivyo hivyo. Nilipata ubao mzuri sana wa mwaloni, nikaufungia bamba ambalo bado lilikuwa na chumvi ya kutengenezea kutu, nikatundika, na haikuchukua hata wiki tatu kila skrubu ikawa imezungukwa na doa jeusi lenye ubluu. Iliniuma kwa sababu ubao ule sikuupata tena. Toka siku hiyo nafanya hivi: chuma nakimaliza kivyake, mbao nazimaliza kivyake, vinakutana siku ya mwisho tu, na hata siku hiyo havigusani moja kwa moja.

Kabla hujashika msumeno elewa kwanini hivi vitu viwili vinagombana, maana ukielewa hapo utajua mwenyewe cha kufanya hata kwa dizaini ambayo mi sijaielezea. Kutu ni chuma kinaungana na oksijeni pamoja na maji, na chumvi inaongeza kasi kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na kutu kwa ndani ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Kwa hiyo chumvi ikibaki kwenye bamba kutu haiachi, inavuta unyevu wa hewani na kuendelea kula hata ndani ya nyumba. Ubao nao una asidi yake, na una tanini, ile inayofanya chai kali ikaushe ulimi. Tanini ikikutana na chuma chenye unyevu inatoka rangi nyeusi ya ubluu, na hiyo ndo kemia iliyotengeneza wino wa kuandikia Ulaya kwa karne nyingi, sasa wino usitegemee utautoa kwa kitambaa. Halafu kuna kutembea. Ubao unatanuka na kusinyaa kwa upana kufuatana na unyevu wa hewa, kwa urefu wake karibu hautembei kabisa. Ubao wa upana wa sentimita 30 unaweza kutembea milimita 2, 3 au hata zaidi kati ya kipindi cha mvua na cha ukavu. Chuma hakijali unyevu, kinajali joto tu, na hapo pia ni kidogo, mita moja ya chuma ikiongezeka nyuzi 20 za joto inarefuka kama robo ya milimita. Ukivibana kwa nguvu vyote pamoja kimoja kitashindwa, na mara nyingi ni ubao, unapasuka.

Kazi nitakayoelezea hapa ni panela ya mbao ya sentimita 80 kwa 50, mbao tano zimelazwa kwa urefu, kila moja upana wa karibu sentimita 10 na unene wa sentimita 2, na juu yake bamba moja la chuma la sentimita 55 kwa 18 lililokatwa upande wa juu kama mgongo wa vilima. Nimechagua mbao tano nyembamba makusudi badala ya ubao mmoja mpana, kwa sababu kila moja itatembea kivyake na kwenye nafasi kati yao kutembea kunapotelea humo.

Kuhusu dizaini nitasema kidogo tu. Amua nani ni mkubwa, ubao au chuma. Vikiwa nusu kwa nusu macho hayajui yatue wapi, mi napenda chuma kiwe kama robo mpaka theluthi ya eneo na kisiwe katikati kabisa. Duara la kutu katikati ya mbao kama jua limefanywa sana, ukilifanya fanya lakini lisogeze pembeni au likatwe na ukingo wa panela. Na kabla ya kukata chuma kata karatasi ngumu ya umbo lilelile, iweke juu ya mbao, rudi nyuma hatua nne tano, iache hapo siku nzima upite upite ukiiangalia. Karatasi haiumi kuitupa.

Kuchagua na kukata chuma

Unachotaka ni chuma cha kawaida, kile cheusi au cha kijivu kisichopakwa chochote. Unene wa milimita 1 mpaka 1.5 unatosha. Chuma kina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo bamba letu la milimita 1.5 litakuwa na kilo moja na ushee, hiyo haina shida, ila ukisema uweke la milimita 4 kwa ukubwa huo huo unapita kilo 3 na huoni tofauti yoyote kwa mbele.

Stenlesi haitashika kutu kwa njia hii, iache. Bati lenye zinki nalo liache, utalijua kwa ule mng'ao wa kijivu wenye mauamaua, zinki imewekwa pale kuzuia kutu na utahangaika nayo bure, na usije ukaichoma au kuipasha moto sana ili itoke maana moshi wake unatia homa. Kuna pia chuma kinaitwa Corten, kilitolewa na kampuni ya US Steel ya Marekani miaka ya 1930, kimechanganywa na shaba kidogo, kromiamu na vingine ili kutu yake ikae imeshikana kama ngozi, na ndo kimetengenezewa lile sanamu kubwa la Picasso pale Chicago lililozinduliwa 1967. Ni kizuri lakini kwa pambo la ndani huna haja nacho, kwa sababu ile ngozi yake inahitaji kulowa na kukauka mara nyingi nje ndo itulie, ndani hakuna mvua.

Kama una kipande cha zamani tayari kina kutu yake ya miaka, hicho ni bora kuliko chochote utakachotengeneza. Angalia tu kisiwe na mabaki ya rangi ya zamani, rangi nyingi za kale zilikuwa na madini ya risasi na ukizikwangua vumbi lake ni sumu. Na ukijikata kwa chuma kichafu osha jeraha na ujue chanjo yako ya pepopunda imekaa muda gani, kutu yenyewe haileti pepopunda, bakteria wake wanaishi kwenye udongo na uchafu, lakini chuma kilichookotwa chini kinabeba vyote.

Kukata: milimita 1 unaweza kwa mkasi wa bati, zaidi ya hapo tumia jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, yenye meno ya kukatia chuma, au grinda yenye diski nyembamba. Grinda iwe na kinga yake, we uwe na miwani, glavu na kitu cha kuziba masikio, bamba libanwe na klempu mbili, moja haitoshi linazunguka. Na usikatie chuma pale pale unapofanyia mbao. Sababu ya kwanza ni moto, cheche ikitua kwenye vumbi la mbao inaweza kufuka kimya kimya masaa mengi we umeshafunga mlango umeondoka. Sababu ya pili watu hawaijui: ule unga mdogo wa chuma ukitua kwenye ubao mtupu hauonekani, ila siku unapopaka kitu chenye maji unaona nukta nyeusi zimetokea kila mahali kama ubao umenyunyiziwa wino. Ndo kemia ile ile ya tanini.

Mgongo wa vilima usiukate kwa mistari iliyonyooka ya rula, uchore kwa mkono. Ukimaliza pitisha tupa kwenye kingo zote, pande zote mbili, mpaka ukipitisha kidole polepole hakikwami. Toboa matundu sasa hivi kabla ya kutu, matundu matatu, moja karibu na katikati na mawili kwenye ncha. La katikati liwe milimita 4.5 kwa skrubu ya milimita 4. Yale ya pembeni yawe mapana, milimita 7, nitaeleza kwanini tukifika kwenye kufunga. Piga alama kwanza kwa panchi, kile chuma kifupi chenye ncha, la sivyo biti inateleza na kuchora bamba, na michoro hiyo kutu haiifichi.

Kutengeneza kutu

Hapa ndo nachukua muda mrefu kuliko kote na sioni sababu ya kuharakisha. Bamba jipya lina mafuta ya kiwandani, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, afu futa na spiriti au asetoni. Kuanzia hapo usilishike kwa mikono mitupu. Alama ya vidole ina mafuta na mahali hapo kutu haishiki, utakuja kuona vidole vyako vitano vimebaki kwenye kilima chako.

Kama bamba lina ngozi nyeusi ya ubluu, hiyo ni ngozi inayotokea kiwandani chuma kinapobanwa kati ya mitungi mizito kiwe bapa kikiwa cha moto, na inazuia kutu isishike sawasawa. Lilaze bamba kwenye siki nyeupe usiku mzima, asubuhi sugua na brashi ya waya ngozi itoke. Au tumia msasa namba 80 kama una nguvu za mikono. Unaweza pia kuiacha sehemu makusudi, kwa mfano ukanda mwembamba chini ya vilima, utapata weusi upande mmoja na chungwa upande mwingine, mi naipenda sana hiyo. Baada ya hapo pitisha msasa namba 120 kwa kuzungusha zungusha, mikwaruzo midogo inasaidia maji yakae.

Fanyia nje, kwenye hewa, siku yenye jua kama unaweza kuchagua. Kwanza pulizia siki tupu bamba lote, iache ikauke yenyewe, rudia mara mbili. Utaona bamba linakuwa la kijivu cha kufifia, sehemu zingine zimeanza unjano. Wakati huo changanya nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayokaa kwenye chupa nyeusi, na mililita 60 za siki na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Koroga chumvi iyeyuke. Pulizia juu ya bamba na utaona linachemka povu na rangi ya chungwa inatokea mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, mara ya kwanza unaona huwezi kuacha kuangalia.

Tahadhari tatu na zote ni za kweli kabisa. Mchanganyiko huu usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa, unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka, tengeneza wa kutosha siku hiyo na unaobaki umwage na maji mengi. Siki na peroksaidi vikikaa pamoja vinatoa asidi nyingine kali inayowasha macho na koo, kwa hiyo miwani na glavu, na simama upande upepo unakotokea. Na usije ukaongeza dawa ya klorini ya kufulia ukidhani itaongeza kasi, klorini na siki vinatoa gesi ya sumu, watu wameumia.

Acha likauke kabisa kati ya mpulizio mmoja na mwingine. Mara nne mpaka sita. Kutu inajengeka kwenye kulowa na kukauka, ukiliweka limelowa muda wote unapata matope ya chungwa ambayo yote yanatoka ukisuuza. Na hapa ndo unapochora. Ukiinamisha bamba maji yanashuka na kuacha michirizi kama mvua ya mbali. Ukinyunyiza chumvi punje punje juu ya bamba lililolowa unapata madoa madogo ya giza. Ukifunika sehemu na vumbi la mbao lililoloweshwa kwa mchanganyiko na kuacha usiku mmoja unapata mawingu mawingu, hiyo kwa vilima inafaa kupita kiasi. Jani likilazwa bapa linaacha kivuli chake. Jaribu kwanza kwenye vipande ulivyokata vikabaki, usivitupe vile, vina kazi nyingine mbele.

Ukiona rangi imefika simamisha, na simamisha kabla ya pale unapotaka kwa sababu vanishi itaifanya iwe nzito zaidi. Suuza kwa maji mengi. Changanya kijiko kikubwa cha bekinsoda kwa lita moja ya maji, mwagia bamba, mbele na nyuma, hiyo inaua asidi iliyobaki, afu suuza tena na tena. Chumvi haiuawi na bekinsoda, inatoka kwa kusuuza tu, hiyo ndo sehemu niliyoiruka mimi kwenye ule mwaloni. Kausha haraka juani au kwa mashine ya kukaushia nywele na liache ndani mahali pakavu siku tatu nne. Siku hizo chungwa kali inatulia, inakuwa kahawia kidogo.

Kufunga kutu isitoke

Pitisha brashi laini ya nailoni utoe unga uliolegea, usisugue kama unaosha sufuria, toa kile tu ambacho kingetoka chenyewe. Afu kitambaa cheupe kikavu, gusa. Kikichafuka kidogo ni sawa, kikitoka cha chungwa kabisa rudia brashi.

Vanishi iwe ya mafuta au ya spreya inayotumia thina, isiwe ya maji. Ya maji inakiamsha chuma upya wakati inakauka na unaona madoa mapya yametokea chini ya tabaka lako, na huwezi kuyafikia. Chagua isiyong'aa, kutu inayong'aa inafanana na plastiki. Tabaka la kwanza liwe jepesi sana, kutu inalinywa lote kama udongo mkavu, usishtuke. La pili na la tatu baada ya masaa yaliyoandikwa kwenye kopo. Paka na nyuma, na kingo, na ndani ya matundu, hayo matundu ndo yanasahaulika na ndo yanayogusa skrubu. Ukitaka kujua rangi itakuwaje ikishapakwa, chukua kile kipande ulichobakiza, kina kutu ile ile, paka hicho kwanza.

Wengine wanatumia mafuta ya kitani au nta badala ya vanishi. Muonekano wake ni wa joto zaidi na ni mzuri kweli, ila ulinzi ni mdogo, mi nayatumia kwa kipande kitakachokaa chumba kikavu na hakiguswi na watu. Na ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukatupa kwenye ndoo, vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti, vitandaze nje vikauke vimetanuka kimoja kimoja au viloweke kwenye maji.

Upande wa mbao

Ubao uwe mkavu. Ubao mbichi utasinyaa, utapinda, na unyevu wake utaenda moja kwa moja kwenye chuma. Kama unatumia mbao za paleti tafuta muhuri, wenye herufi HT maana yake mbao zilipashwa joto kuua wadudu, hizo ni salama, wenye MB zilifukizwa kwa dawa ya methili bromaidi, hizo usizilete ndani. Zisizo na muhuri wowote mi siziamini.

Kujua kama ubao wako una tanini nyingi fanya hivi: chukua waya laini wa kusugulia, uoshe kwa sabuni utoe mafuta, utie kwenye gilasi ya siki siku moja au mbili, kifuniko kiwe kimelegea kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni. Maji yale yana chuma kilichoyeyuka. Dondosha tone moja kwenye kipande cha ubao. Likigeuka jeusi ndani ya dakika chache una ubao wenye tanini nyingi, kama mwaloni. Likibaki kijivu au kahawia hafifu, kama paini inavyofanya mara nyingi, kazi yako ni rahisi.

Na hapa adui anaweza kuwa rafiki. Maji yale yale ni rangi, ukiyachuja na kuyapaka ubao mzima unapata weusi au kijivu cha mbao zilizozeeka nje miaka mingi, na kwa paini isiyo na tanini paka kwanza chai nyeusi kali sana, iache ikauke, afu paka yale maji, tanini ya chai itafanya kazi. Chuma cha chungwa juu ya ubao uliotiwa weusi namna hiyo kinawaka. Wajapani wana njia ya kuchoma uso wa mbao inaitwa yakisugi, nayo inakwenda vizuri na kutu, lakini ubao uliochomwa lazima upigwe brashi na kupakwa mafuta la sivyo masizi yanaendelea kutoka. Ubao mwekundu kama mninga sijafurahi nao sana kwa kazi hii, uwekundu wake unakaribiana na kutu, vinamezana, ila mtu mwingine anaweza kuupenda huo utulivu.

Randa au msasa, 80 kisha 120 kisha 180, basi, usiufanye ukawa kioo. Kama ubao una alama za msumeno wa zamani au tundu la msumari ziache, zinazungumza na kutu. Kisha paka vanishi isiyong'aa tabaka mbili, mbele, nyuma na pembeni. Nyuma ni lazima, ubao uliopakwa mbele tu unavuta unyevu kwa nyuma na kujikunja.

Kwa nyuma weka fito mbili zinazokatiza mbao zote tano, kila fito kama sentimita 15 kutoka ukingoni. Acha nafasi ya milimita 2 kati ya ubao na ubao, tumia kipande cha chuma ulichobakiza kama kipimo, funga na kitu kingine chembamba kufika milimita 2. Kila ubao skrubu moja tu kwenye kila fito, katikati ya upana wake, ili uweze kutanuka pande zote. Ukiweka mbili kwa kila makutano, moja juu moja chini, umeufunga ubao pingu.

Vinakutana

Gundi watu wanaiuliza sana. Epoksi ikipakwa juu ya kutu inashika kutu, haishiki chuma, na kutu inabanduka na epoksi yake. Kama lazima utumie gundi basi kwangua nyuma ya bamba sehemu zitakazopakwa mpaka uone chuma cheupe na utumie inayobaki laini ikikauka kama silikoni isiyo na harufu ya siki, maana ile yenye harufu ya siki inatoa asidi wakati inakauka na asidi ni chakula cha kutu. Kwangu skrubu ni bora, inaonekana, ni sehemu ya uzuri wa kazi, na siku ukitaka kulitoa bamba unalitoa.

Skrubu ziwe za stenlesi. Kila tundu weka washa za plastiki, vile vipete bapa vya kuvalisha skrubu, nyuma ya bamba, kati ya chuma na ubao, mbili tatu mpaka upate milimita 5 hivi. Nafasi hiyo inafanya mambo mawili, hewa inapita na unyevu haukai, na bamba linatupa kivuli chake juu ya ubao, vilima vinaonekana vimeelea. Mtu wa kwanza aliyenionyesha hiyo nilisimama nikaangalia kile kivuli kinavyosogea na mwanga wa dirisha.

Toboa ubao kwanza kwa biti ndogo kuliko skrubu. Kaza ile ya katikati vizuri. Zile za pembeni, ambazo matundu yake ni mapana, weka washa juu pia, skrubu ikae katikati ya tundu, kaza mpaka ishike kisha rudisha robo mzunguko. Bamba likisukumwa kidogo kwa kidole lisogee kwa ugumu. Sasa mbao zikitanuka chuma kinaziachia.

Panela yote hii itakuwa na kilo 6 au 7 kutegemea mbao. Usiitundike kwa uzi na msumari mmoja. Chukua ubao wa upana wa sentimita 8 hivi, upasue kwa urefu kwa pembe ya digrii 45 upate vipande viwili, kimoja kifunge nyuma ya panela mdomo ukitazama chini, kingine ukutani mdomo ukitazama juu kwa skrubu mbili au tatu zenye plagi za ukutani, panela inakaa juu yake kwa uzito wake na unaweza kuisogeza kushoto kulia bila kutoboa tena. Chini kwa nyuma weka fito yenye unene ule ule ili isilale, na kwenye kona bandika vipande vya kitambaa kinene.

Usitundike bafuni wala juu ya sehemu inayotoa mvuke. Mahali pazuri ni ukuta ambao mwanga unaupiga kwa ubavu, wa kutokea mbele kabisa unaua mabonde yote ya kutu. Vumbi toa kwa brashi kavu. Ukiona baada ya muda unga wa chungwa umetokea kwenye kitambaa au juu ya ubao chini ya bamba, fungua zile skrubu tatu, pitisha brashi, rudishia tabaka moja la vanishi, kaa nalo siku moja likauke, funga tena.